Injinia wa Mwaka Mmoja

Kiilu wa Jonah alishuka garimoshi pale Sultan Hamud akiwa na sanduku la bati, koti la chuo, na moyo uliokufa ganzi. Koti watu waliliona na kulisifu. Sanduku walimpokonya walibebe wao. Moyo je? Moyo hauna dirisha, ndugu yangu. Mtu anaweza kukusalimia kwa mikono miwili, akakuuliza habari za Nairobi, akacheka nawe, asijue kwamba anaongea na gogo.

Ulikuwa mwaka wa hamsini na saba, Desemba, mvua zikinyesha siku moja na kupumzika siku mbili. Abdulatif, dereva Mwislamu wa Kitui aliyekuwa amepakia sukari na chumvi za madukani, alimkaribisha mbele ya lori, kando yake mwenyewe.

"Injinia hakai juu ya magunia," alisema. "Nikikuweka huko nyuma, kesho utajenga daraja, nipite mimi, livunjike kwa hasira zako!"

Alicheka peke yake mpaka wakavuka mto wa kwanza. Kiilu alitabasamu, kwa kuwa alijua hapo ndipo watu hutabasamu. Mwaka mzima alikuwa amejizoeza kazi hiyo, na sasa aliimudu.

Nyumbani Kathonzweni walikuwa wamejipanga kandokando ya njia. Mbele walisimama wanawake wa mwethya, ule umoja wetu sisi Wakamba wa kulimiana na kujengeana kwa zamu, na mbele yao alisimama mama yake, Mbula. Mbula alizaliwa upande wa Kitui, akaolewa huku, na mwaka wa kwanza tu wanawake wa huku wakamfanya kiongozi wao, maana alikuwa na sauti ya kuamsha waliolala. Mbula akianza wimbo, wanaitikia. Akiinua jembe, majembe yote juu. Akisema basi, hakuna anayeongeza hata pigo moja. Siku hiyo alianza wimbo wa kumpokea mwanawe, kisha akauacha njiani, akaja akamshika uso kwa viganja viwili.

"Mwana wakwa," alisema, "umekonda ndani."

"Ninakula vizuri, mwaitu. Kule tunakula nyama kila siku."

"Sikusema nje. Nimesema ndani."

Watu wakambeba juujuu hadi uwanjani kwa baba yake, wakamlisha isyo, yale mahindi yetu ya kuchemsha na maharagwe, na kuku mpaka akalegea.

Sasa, nikuambie kulikuwa na nini huko ndani.

Kijana huyu alikuwa wa kwanza kutoka upande ule kuingia chuo kikubwa cha ufundi Nairobi. Baba yake, Jonah, alikuwa mwinjilisti, mtu wa kuvaa koti juani na kuhubiri mpaka jogoo wa jirani wanyamaze. Alipomsindikiza mwanawe, aliwaambia watu wa kanisa kwamba anampeleka akajifunze kujenga madaraja. Kiilu mwenyewe aliamini hivyo. Alipofika alipewa kipande cha chuma na tupa. Akaambiwa akisugue kile chuma mpaka kila upande uwe sawasawa na kila pembe iwe pembe. Alisugua wiki nzima. Mwalimu, Mzungu mmoja mwenye masharubu ya rangi ya tumbaku, akakiinua kile chuma mbele ya dirisha, akaweka kipimo chake, akaona mwanga mwembamba ukipita. Akakitupa ndani ya sanduku. "Anza tena," akasema. Basi, akaanza tena. Nusu mwaka, mwenzangu, tupa na chuma, tupa na chuma, na darasani hesabu zinazopita mbio ubaoni kama mbuzi waliofunguliwa.

Mezani kulikuwa na uma na visu na kimya. Langoni kulikuwa na askari wa kuuliza pasi kila akitoka, maana ile hali ya hatari ya wakoloni ilikuwa haijaisha na uso mweusi ulikuwa bado ni shaka. Wenzake wengi walikuwa vijana wa Kihindi wa mjini waliorudi kwao kila jioni wakichekeshana. Yeye alirudi bwenini. Miezi ya kwanza aliumia, aliumia hasa, akilia chini ya blanketi na kuuma shuka ili asisikike. Halafu siku moja maumivu yakakoma. Alidhani amezoea. Kumbe ilikuwa kama mguu ulioukalia mno: hauumi, lakini jaribu kuukanyagia uone.

Alikuja kujua siku jiliwa, kile chuma cha mezani cha kubania kazi, lilipombana kidole gumba. Mwenzake mmoja alipiga kelele, mwalimu akaja mbio na kitambaa. Kiilu aliangalia damu ikidondokea sakafuni na kuwaza kwamba mtu fulani itabidi apige deki.

Mwisho wa mwaka alifaulu kuchora, akafaulu tupa. Akafeli hesabu, na akafeli lile somo la nguvu, la jinsi uzito unavyoshuka kutoka kwenye paa kupitia mbao na kuta mpaka ardhini. Aliitwa ofisini akaambiwa: rudia mwaka, au usirudi kabisa. Akasema, "Asante, bwana," kana kwamba ameambiwa chakula kiko tayari. Ndani ya garimoshi akaamua kwamba hatarudi. Hakuamua kwa uchungu wala kwa hasira, afadhali angekuwa hata na hasira! Aliamua tu, na alikuwa hajamwambia mtu.

Haya. Asubuhi ya pili baba yake alimshika mkono kama bwana harusi, akampeleka kuona kanisa.

Lile kanisa la udongo alimobatizwa Kiilu lilikuwa limeshindwa na watu. Mwaka wote aliokuwa Nairobi, waumini walichoma matofali, mwethya ya kina Mbula ikabeba maji na mchanga kutoka mtoni, mabati yakaja kwa lori la Abdulatif. Na sasa kanisa jipya lilisimama, jekundu, refu, ndani likinuka mbao. Jonah alimsimamisha katikati.

"Inua macho," alisema.

Kiilu akainua. Juu hapakuwa na kitu ila mabati, mbali kabisa, na mbao mbili mbili zilizoegemeana kileleni, ndizo kenchi.

"Umeona? Hakuna kinachokatiza! Nililiona kanisa la hivi Machakos. Ukiinua macho, yanapaa moja kwa moja. Fundi Mutiso alikuwa ameweka boriti za kupita huku na huku, chini ya kila kenchi. Nikamwambia, Fundi, hizi zinazuia macho ya watu wa Mungu. Akazikata."

"Boriti zimeenda wapi, baba?"

"Umezikalia jana kwenye karamu! Tumezipasua tukatengeneza benchi. Hakuna kilichopotea." Jonah alicheka, akafuta jasho. "Mutiso aligoma kidogo. Nikamwambia, wasiwasi wa nini? Injinia wetu yuaja Desemba, atalitazama, kama kuna kosa atasema. Hatujalifungua, tumekungoja wewe. Haya, waonaje?"

Hapo ndipo kosa lilipokaa, na wala si kosa la mbao. Mzee alikata boriti akimtegemea mtoto. Fundi alikubali kukata akimtegemea mtoto. Kanisa zima lilikuwa tayari kuingia chini ya lile paa likimtegemea mtoto aliyekuwa amesugua chuma. Kwetu sisi mtu akishapelekwa chuo, tunadhani elimu wanamvalisha siku ya kwanza, kama lile koti.

Na Kiilu alijua. Hata aliyefeli hujua kitu, ndicho kinachomtesa. Mbao mbili zikiegemeana bila kitu cha kuzifunga miguu, miguu hutaka kutanuka. Msimamishe mtu amepanua miguu kwenye udongo uliolowa, hutahitaji mwalimu kukuambia itakuwaje. Na miguu ya zile mbao ilikuwa imekanyaga juu ya kuta, ikizisukuma nje, usiku na mchana. Alilijua hilo. Ila ni kwa nguvu kiasi gani, na kuta zingevumilia kwa muda gani? Hayo ndiyo aliyoulizwa kwenye mtihani, na karatasi aliirudisha nyeupe.

"Sawa, baba," akasema.

Neno lenyewe lilitoka hivyo hivyo, bila kupitia popote. Mwaka mzima alikuwa akisema sawa.

Kesho yake alirudi peke yake na uzi aliofunga jiwe mwishoni, timazi ya kujitengenezea. Akapanda ngazi akauning'iniza juu ya ukuta wa upande wa mto. Jiwe likatulia. Ukuta ulikuwa umelala nje, vidole viwili huko juu. Kando ya dirisha palikuwa na mstari wa plasta mpya iliyopakwa ikakwanguliwa vizuri.

Fundi Mutiso alimkuta hapo hapo. Alikuwa mtu mnene mpole, penseli sikioni, na aliheshimika tangu mjini Wote mpaka Kiboko.

"Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta," alisema akionyesha ile plasta. "Mimi nimeziba."

"Ufa ulitokea lini, Fundi?"

"Tulipomaliza kupigilia mabati. Udongo huo, injinia. Ukuta mpya hujinyoosha kama mtu aliyeamka." Akautazama ule uzi. Akautazama tena. Kicheko kikamwishia mdomoni. "Lakini si baba yako amesema umelipitisha? Amezunguka soko zima akisema."

"Nilisema sawa."

"Basi kama ni sawa, ni sawa." Mutiso alimkazia macho, na yalikuwa macho ya mtu anayeomba. "Ni sawa, sivyo?"

Kiilu alishuka ngazi. Alijaribu kujitisha. Alijiambia: mama yangu ataketi humu ndani. Akamweka mama akilini, kwenye benchi, akamwekea mabati na mbao kichwani. Akangoja moyo ushtuke. Wapi! Ulilala tu. Alikuwa kama mtu anayejifinya mguu uliokufa ganzi na kuona vidole vikifinya ngozi ya mtu mwingine. Hili ndilo alilokuja kulichukia baadaye kuliko kufeli.

Hata hivyo kichwa kilikuwa bado kinafanya kazi, na kichwa kilimwambia aseme. Alimfuata baba yake akamkuta akiwaandalia mahali pa kulala wageni wa makanisa ya jirani.

"Baba, kuhusu lile paa."

"Usinimalizie utamu!" Jonah alimwinulia kiganja. "Weka maneno yako yote. Jumapili utasimama utoe ushuhuda, useme yote mbele ya watu. Mwaka mzima wamekuombea, wewe unataka kunisemea mimi peke yangu uani?"

Kiilu akasema sawa. Akaona pengine ni vizuri zaidi. Jumapili atasimama, atasema, watatoka. Akaenda kulala na akalala usingizi mzito, na huo pia ulikuwa ni ugonjwa.

Jumapili ikaja na watu. Jamani, watu! Waliingia mpaka mlango ukakosa kazi. Waliovaa viatu walivaa viatu, na ambao hawakuwa navyo walipaka miguu mafuta ikang'aa. Mbula na wanawake wake waliketi katikati kabisa, kwenye yale mabenchi mapya. Jonah aliomba, akalia kidogo, akaomba tena. Kisha akamwita mwanawe mbele.

Nikuambie desturi yetu, usije ukatulaumu bure. Kwetu, mtu aliyeokoka akisimama kutoa ushuhuda hasemi mimi ni hodari. Akisema hivyo watamwombea kwa huruma. Husema: mimi si kitu. Mimi ni mavumbi. Mimi nilikuwa mwongo na mlevi, sijui hili wala lile. Kadiri anavyojishusha, ndivyo Amina zinavyopanda. Wote tumelelewa hivyo, na Kiilu pia. Lakini kijana aliyekufa ganzi husahau hata ya kwao.

"Mimi sijui kitu," akaanza.

"Amina!" likajibu kanisa.

"Nimekaa chuoni mwaka mmoja na nimefeli."

"Bwana asifiwe!"

"Nimefeli kweli. Nimefeli hesabu. Nimefeli somo lenyewe la mapaa."

"Haleluya!" Mama mmoja wa nyuma alipiga vigelegele. Wazee walikuwa wakitikisa vichwa kwa furaha. Hawajawahi kuona msomi anayejishusha namna hii.

"Niliposema paa hili ni sawa, nilisema uongo."

"Anaungama! Msifuni Bwana!"

"Ndugu zangu, sitanii. Kuta zinasukumwa. Msikae—"

Lakini Jonah alikuwa amekwisha kumkumbatia, machozi yakimtiririka mashavuni. "Mmesikia?" aliwaambia watu. "Mmesikia unyenyekevu? Wengine wakijua kuandika majina yao tu hatulali! Huyu mtoto ni msomi mzima, anasimama mbele yenu anasema hajui kitu!"

Mtu akaanzisha wimbo. Mungu wangu, ule wimbo ulivyopokelewa! Wanaume wakapiga miguu chini, wanawake wakapiga makofi, sakafu ikatikisika, na mabati kule juu yakaanza kuitikia. Kiilu alibaki mbele, mikono ikining'inia. Alikuwa amesema ukweli wote alio nao, ukamezwa kama uji.

Ndipo plasta ya Mutiso ikaanguka. Ilianguka kipande kimoja kisichozidi kiganja, kando ya dirisha, na hakuna aliyesikia kwa makelele. Kiilu aliona. Aliona ufa ukiwa wazi nyuma yake, na ndani ya ufa aliona mwanga wa nje, mwembamba. Akageuza macho akamwona mama yake. Mbula alikuwa amesimama chini ya kilele cha paa, kichwa nyuma, akiimba kwa nguvu zake zote.

Na hofu ikaja. Haikupiga hodi. Ilianzia miguuni, ikapanda, na kila ilipopita pakafufuka kwa maumivu, kama damu inavyorudi mguuni ukataka kupiga kelele. Kidole gumba kilimuuma, kile kile cha zamani. Akausikia upweke wa bwenini, na aibu ya ile karatasi nyeupe, na kwamba anampenda mama yake, anampenda baba yake mjinga mwenye koti, anawapenda hawa wote wenye miguu ya mafuta, na kwamba watakufa. Akafungua mdomo aseme tokeni. Kikatoka kilio. Kijana mrefu wa chuo, mwenye tai, akalia kwa sauti kama mtoto aliyeungua.

Unajua walifanya nini? Walifurahi! Kwetu mtu akilia kanisani ameguswa. Wakaja mbio kumzunguka, wakamwekea mikono kichwani na mabegani, wakaimba zaidi, wote wakisongamana pale pale katikati. Yeye anasema tokeni, tokeni, wao wanasema ndiyo, ndiyo, mwache alie. Mutiso peke yake hakuimba. Alisimama ukutani, mgongo wake kwenye matofali, kama mtu anayetaka kuushikilia.

Mbula hakuja kumwekea mikono. Alisimama pale pale alipokuwa akimsikiliza. Wengine waliguswa na kile kilio. Yeye alikuwa amekilea. Alijua mwanawe analiaje akiwa na njaa, akiwa na deko, akiwa amekosea, na alijua analiaje akiogopa. Akafunga mdomo. Wimbo ukapoteza sauti yake katikati ya ubeti. Akaokota kitambaa chake, akawapita watu, akatoka nje.

Wale wanawake wa mwethya, miguu yao ilikuwa imemfuata mwanamke yule mashambani na mtoni miaka mingi bila kumuuliza kwa nini. Muthoki, rafiki yake wa karibu, alitoka. Mbinya akatoka. Kisha wote, wakimiminika mlangoni wakiwa bado na makofi mikononi. Wimbo bila wanawake ukachechemea, ukafa. Wanaume wakabaki wakitazamana, na mwanamume akishatazamana na mwenzake kanisani kimya, lazima atoke. Wa mwisho walikuwa Mutiso na Jonah, wamemshika Kiilu kwapani huku na huku.

Nje jua lilikuwa kali. Kanisa zima likageuka likasimama kutazama kanisa.

Lilisimama vizuri tu. Walilitazama na lenyewe likawatazama. Hakuna tofali lililodondoka. Kunguru akaja akatua kileleni, akajikuna, akaruka zake. Mtu mmoja kwa nyuma akaguna, mwingine akacheka puani, na mgeni mmoja wa kanisa la jirani akauliza kama ibada imekwisha.

Jonah alikuwa amekauka uso. Sasa alikuwa ameelewa, na aliyekuwa akiwatafsiria watu maneno ya Mungu hakupenda kuwa wa mwisho kuelewa maneno ya mwanawe.

"Litaanguka?" aliuliza.

"Sijui, baba."

"Halitaanguka?"

"Sijui."

"Nikirudisha boriti?"

"Zimekatwa. Zinatakiwa nyingine."

"Za unene gani? Useme, lori la Abdulatif litaleta mbao."

"Sijui unene."

"Na ukuta uliolala, utarudi? Au tuubomoe?"

"Sijui." Kiilu alikuwa bado analia, hakuwa akijificha. "Ndiyo niliyokuwa nawaambia mle ndani. Sijui! Nimefeli, baba. Si kwa unyenyekevu. Nimefeli kweli. Wameniambia nirudie mwaka mzima toka mwanzo, na mimi nilikuwa nimeamua sirudi."

Hakuna aliyesema Amina.

Mutiso alivua kofia. "Mzee," alimwambia Jonah, "nilijua na mimi. Kidogo nilijua. Nilimtupia mtoto mzigo." Jonah alikuwa akilitazama kanisa lake, lile jekundu, refu, lisilokatizwa na kitu, na kila mtu aliona jinsi alivyokuwa akilipenda. Mikono ya wanawake waliosimama nyuma yake ilikuwa na sugu za matofali yale. Mtu angesema turudi tumalizie ibada, Mungu ni mwema, nadhani nusu yao wangerudi.

Kiilu alingoja kupigwa. Alingoja kulaaniwa. Aliogopa, na aliona ajabu kwamba anaogopa, na hakutaka ile hofu imtoke.

Jonah alikwenda akavuta milango miwili, akaifunga, akatia kufuli. Akarudi taratibu mpaka mbele ya mwanawe.

"Utarudi," alisema.

"Baba, naweza kufeli tena."

"Utarudi. Unarudia huo mwaka, na ukifeli unaurudia tena, mpaka siku utakayokuja hapa uniambie unajua. Sitaki sawa. Nataka unajua. Mlango huu haufunguliwi na mtu mwingine."

"Na watu watasali wapi?"

Jonah alitazama huku na huku, kama mtu anayetafuta kiti kwa mgeni. Hapakuwa na kiti. Mabenchi yote yalikuwa ndani. Basi yule mzee akashika magoti, akiwa na koti lake la Jumapili, koti alilokuwa hakubali hata vumbi liliguse, akakaa chini kwenye mchanga, juani, akafungua Biblia yake. Mbula akakaa. Muthoki akakaa. Mutiso na kofia yake mkononi akakaa. Wakaendelea kukaa, safu kwa safu, wageni na wenyeji, wazee wakishikwa mikono kushuka chini, mpaka aliyebaki wima alikuwa Kiilu peke yake, na wote wakainua nyuso zao wakamtazama, wakingoja aseme kama atarudi.